Zuhura, usiivute hiyo ngozi

Mpenzi Zuhura,

Salamu nyingi sana. Sisi wazima, mguu wa Mama Salma unaendelea vizuri, mengine nitakusimulia tukionana. Nimeketi usiku huu kukuandikia kwa sababu ya ile picha uliyomtumia Rehema, ya uso wako baada ya kupakwa asidi ya kubandua ngozi. Amenionyesha. Uso umekaza hadi unang'aa, pembeni mwa mdomo kuna kipande cha ngozi kimeinuka, na chini yake umeandika, "Kesho nausugua kwa taulo uishe." Zuhura, nakuomba usiusugue. Wala usikivute hicho kipande.

Unalikumbuka lile doa la shavu langu la kushoto? Uliniona nalifunika kwa poda miezi na miezi, ukauliza, nikakwambia nimerukiwa na mafuta ya moto. Sikukwambia kweli. Nilifanyiwa hicho hicho ulichofanyiwa wewe, asidi ya glikoli, na siku ya 4 nikakuta kipande kinaning'inia. Nikakivuta. Upande mmoja kilitoka vizuri, upande wa pili kilikuwa bado kimeshika, na mimi nikaendelea tu kuvuta hadi pakabaki pekundu, panachuruzika majimaji, ukubwa wa ukucha wa kidole gumba. Wiki 2 baadaye pakawa peusi. Weusi ule ulikaa miezi 11. Niliona haya kukwambia, nikakuficha, na sasa nikiitazama picha yako najiuliza kama ningesema mapema usingekuwa na taulo mkononi leo.

Ngoja nikueleze kwa nini nalishikilia sana jambo hili. Ile asidi hulegeza kinachozishikanisha seli zilizokufa za juu ya ngozi, nazo zikaachana taratibu. Zile zilizoachia zitadondoka zenyewe ukinawa. Zilizobaki zimebaki kwa sababu ngozi ya chini yake haijawa tayari, na ukizing'oa unaiacha wazi kabla ya wakati wake. Na ngozi nyeusi kama yetu ikiumizwa huwa inajibu kwa kumwaga rangi zaidi mahali pale pale. Kidonda kinapona upesi, doa ndilo halitaki kuondoka.

Kwa hiyo kukaza na kubanduka si ubaya. Siku 2 za kwanza uso hukaza, kwenye siku ya 3 huanza kubanduka, mara nyingi kuzunguka mdomo kwanza maana hapo uso hauna pumziko, unaongea, unakula, unacheka. Kama yako ni ile nyepesi, ndani ya wiki 1 hivi itakuwa imetulia. Ile ya kati, ya TCA, yaani asidi ya trikloroasetiki, inaweza kufika wiki 2. Naomba uwaulize waliokufanyia ni ipi hasa, usikisie.

Osha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini isiyo na manukato, kwa vidole tu. Kausha kwa kubonyeza, usifute. Uso ukiwa bado na unyevunyevu paka losheni ya kawaida, nayo isiwe na harufu, na pale palipokauka sana weka mafuta ya mgando kidogo. Yanazuia maji yasitoke ndani ya ngozi, na mimi yalinifaa kuliko vikopo vyote nilivyonunua. Kipande kikikukera mno, chukua mkasi mdogo safi, kata kile kinachoning'inia tu. Kukata, si kuvuta!

Ile krimu yako ya usiku yenye retinoli (aina ya vitamini A), ya vitamini C, dawa ya chunusi, skrabu, vyote viweke kabatini hadi uso uache kubanduka na kuwasha. Limau usikubali hata kidogo, limau lenyewe ni asidi. Kujifukiza na mazoezi ya kutoa jasho acha kwa siku 2 angalau, na nyusi usizinyoe wala kuzivuta kwa nta hadi upone.

Halafu jua. Wewe na kofia hampatani, najua, lakini sasa mpatane. Krimu ya kukinga jua iwe na kipimo cha kinga, SPF, cha 30 au zaidi, na ukiwa nje uirudie kila baada ya saa 2. Tafuta ile yenye rangi ya ngozi, iliyotiwa oksidi ya chuma, kwa sababu doa huamshwa hata na mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho, na krimu nyingi zisizo na rangi hazikingi mwanga huo vya kutosha. Usikae dirishani ukadhani umejificha pia. Sehemu ya miale hupita kwenye kioo.

Kuna kitu kingine kinanikosesha usingizi. Wewe hutokwa na yale malengelenge ya mdomoni kila ukichoka. Kirusi chake kikiamka wakati ngozi imebanduka kinaweza kusambaa usoni. Ukiona vilengelenge vidogo vimejikusanya, au usaha, au maumivu yanazidi badala ya kupungua, au homa, usingoje kesho, nenda kwa daktari siku hiyo hiyo. Dawa ya kirusi hicho hufaa zaidi ikianzwa mapema.

Najua kinachokuharakisha ni Jumamosi, siku ya shughuli ya Rehema. Rehema mwenyewe kasema yuko radhi usimame kando yake na uso unaobanduka, mradi usimame. Ukijipaka vipodozi juu ya ngozi inayobanduka vitashika kwenye kila kipande, na jioni kuvitoa utasugua, tutarudi kule kule kwenye taulo.

Sasa nijibu, ndugu yangu. Leo ni siku ya ngapi tangu ufanyiwe? Walikwambia asidi ilikuwa ya asilimia ngapi? Uliwaambia kuhusu malengelenge ya mdomo, na kuhusu ile krimu ya kung'arisha uliyopewa na Neema? Maana nyingine huwa na steroidi zinazoifanya ngozi kuwa nyembamba, na mtu anayekupaka asidi alipaswa kujua. Panauma, au panawasha tu? Na taulo, umeshalitumia?

Nitumie picha kesho asubuhi, karibu na mwanga, bila poda. Mimi nitakutumia ya shavu langu, bila poda vilevile, uone lile doa lilipokuwa.

Wako,
Tatu