Marekebisho ya programu huria yaende na majaribio yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na kampuni na taasisi za hapa Dar es Salaam zinazotumia programu huria, yaani zile ambazo msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma na kuurekebisha, kila siku, hasa zile maktaba ndogo (mafungu ya msimbo yanayotumiwa na programu nyingine) zilizoandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C, ambazo kazi yake ni kusoma faili na kuichambua herufi kwa herufi kabla programu nyingine hazijaitumia.

Mimi ni mmoja wa watu watatu tunaotunza maktaba ya aina hiyo, kazi ninayoifanya usiku nyumbani Sinza baada ya kutoka kazini. Mwaka juzi tuliletewa malalamiko kwamba programu inazimika ghafla kila inaposoma orodha fulani ya wateja. Nilikaa siku mbili nikiipunguza faili hiyo mpaka ukabaki mstari mmoja, na ndani yake jina la mahali: Mang'ula. Ile alama ya ng' maktaba yetu iliichukulia kuwa mwanzo wa nukuu, ikaenda kutafuta alama ya kufungia, na kwa kuwa haikuwapo, ikaupita mwisho wa mstari na kuendelea kusoma sehemu ya kumbukumbu ya kompyuta isiyoihusu. Lugha ya C haimzuii mtu kufanya hivyo. Mwandishi wa programu ndiye anayepaswa kuhesabu herufi ili asiupite mwisho. Inaniuma kwamba sisi tuliokua na ng' mdomoni hatukuwahi kuiweka katika majaribio, yaani vile vipande vya msimbo vinavyohakiki kwamba maktaba inatoa majibu sahihi.

Marekebisho yalikuwa mstari 1, na jaribio lake mistari 11: linaipa maktaba maneno Mang'ula,25 kisha linadai zirudi sehemu mbili kamili zilizotenganishwa na mkato, jina pamoja na alama yake, na namba peke yake. Miezi minane baadaye mchangiaji mmoja aliandika upya sehemu ileile ili iende kasi zaidi, na alipoendesha majaribio, lile la Mang'ula likakataa. Kosa lilikuwa limerudi, likanaswa kabla ya kumfikia mtumiaji hata mmoja.

Makosa ya jinsi hii si madogo. Kasoro ya Heartbleed iliyotangazwa mwaka 2014 ilikuwa katika OpenSSL, maktaba ya C inayolinda mawasiliano ya tovuti, ambayo iliamini urefu wa ujumbe uliotajwa na mtumaji bila kuupima, ikawa inaweza kumpa mtu yeyote hadi kilobaiti 64 za kumbukumbu ya seva kwa ombi moja. Nayo ilikuwamo tangu 2012. Hata majaribio yenyewe yanahitaji macho ya watu: mwaka 2024, katika XZ Utils, programu huria ya kubana faili, msimbo wa hila ulikutwa umefichwa ndani ya faili za majaribio, umeingizwa na mtu aliyejipatia imani kwa kumsaidia mtunzaji aliyekuwa ameelemewa na kazi. Anayejua kuelemewa huko atanielewa.

Kwa hiyo naomba kampuni yenye waandishi wa programu impe mmoja wao walau saa nne kwa wiki aandike majaribio yanayotokana na data zetu wenyewe, yaani majina yenye ng', namba za simu zinazoanza na sifuri ambayo hupotea zikisomwa kama hesabu, na kiasi cha fedha kama 1,500,000 ambacho mkato wake hukigawa vipande vitatu. Tena, anayegundua kosa asilirekebishe katika nakala yake na kunyamaza, kama ilivyofanya kampuni moja ya jijini ambayo ilikaa mwaka mzima na dawa ya ugonjwa tuliokuwa tukiuhangaikia, bali atuletee marekebisho pamoja na jaribio lake. Taarifa za wateja halisi asituletee kabisa. Jina la kubuni lenye ng' linatosha.

Wako,
Mtunzaji wa programu huria,
Sinza, Dar es Salaam