Kwa vijana wetu wa Lamu mnaobishana uwanjani Mkunguni

Wanangu, assalaam aleikum.

Kila jioni nipitapo Mkunguni nawasikia mkibishana juu ya bandari, fidia na siasa za kaunti, na kila mmoja ana jina la mtu wa kulaumiwa. Sisemi hakuna wa kulaumiwa. Lakini jina la mtu halielezi kwa nini sera ileile huharibika hata ikishikwa na mwingine, na hilo ndilo watafiti wa sayansi ya jamii wanalolitafuta.

Chukueni kiwanda cha umeme wa makaa ya mawe kilichokusudiwa kujengwa Kwasasi, humu humu katika kaunti yetu. Juni 2019 mahakama maalumu ya mazingira ilifuta leseni yake, na sababu mojawapo kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Katiba ya 2010 imeuweka ushirikishwaji wa wananchi miongoni mwa misingi ya utawala, na mtafiti anaweza kuupima: nani aliitwa, kikao kilikuwa saa ngapi, maelezo yalitolewa kwa lugha gani, nani alinyamaza. Kikao kikiitishwa wakati wavuvi wako baharini, karatasi ya mahudhurio itajaa saini na wenye bahari yao wasiwemo. (Mwanamke aliyeketi nyuma ya wakwe zake naye hutia saini, ila msitarajie aseme.)

Kwa miaka mingi wataalamu wengi waliamini kuwa mali ya wote, kama bahari na malisho, haina budi kuangamia isiposhikwa na serikali au kugawiwa watu binafsi. Elinor Ostrom, mwanasayansi wa siasa wa Marekani, alichunguza wavuvi, wafugaji na wakulima wa nchi mbalimbali, akaonyesha kuwa wenyeji huweza kuitunza kwa kanuni walizojiwekea, iwapo wanasimamiana wenyewe na serikali inaitambua haki yao hiyo. Mwaka 2009 alitunukiwa Nobeli ya uchumi. Manahodha wetu wangemwambia kuwa hayo waliyajua zamani, na wangesema kweli, ila hawakuyaandika, na ofisini lisiloandikwa halina mtetezi.

Basi kabla ya kikao kijacho, nendeni Shela, Matondoni na Kipungani mkawaulize wavuvi maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale, wala msichague rafiki zenu pekee. Andikeni majibu yote, hasa yale yasiyowapendeza, kisha mrudi kuwasomea waliowajibu. Madaftari nitanunua mimi.