Ndege kutunguliwa si rubani kufa

Mhariri,

Ndege ya kivita ikitunguliwa, picha ya moshi hutufikia kabla moto haujazimika, na chini yake maelezo mafupi: ndege imeteketea, rubani ameuawa. Magazeti yetu yamezoea kuziunganisha habari hizi mbili kwa koma. Naomba mzitenganishe, maana kati ya ndege na rubani wake kuna kiti cha kuchupia, kinachomrusha nje ya ndege.

Rubani huvuta mpini ulio katikati ya mapaja yake, au ubavuni katika aina nyingine. Baada ya hapo mitambo ndiyo hufanya kazi. Kifuniko cha kioo hung'oka, au hupasuliwa na uzi wa baruti uliobandikwa juu yake. Mikanda humvuta mabega nyuma na kumbana miguu isije ikakatwa na ukingo wa dashibodi. Baruti hukirusha kiti kwenye reli zake, kisha roketi ya chini ya kiti huwaka na kumpandisha juu. Mwavuli mdogo hukituliza kiti, mkubwa hufunguka, na kiti hudondoka peke yake. Karibu na ardhi yote hayo humalizika kwa sekunde mbili au tatu.

Viti vya kisasa humwokoa hata rubani ambaye ndege yake imesimama uwanjani. Havimsaidii ndege ikiwa imepinduka karibu na ardhi, kwa kuwa hapo roketi humpeleka chini. Uti wa mgongo hubeba mara 12 hadi 20 ya uzito wa mwili, hivyo pingili kupasuka ni jeraha la kawaida, hasa kwa aliyevuta mpini akiwa ameinama. Kwenye kasi ya kilomita 1,100 kwa saa, upepo huvunja mikono. Ila wengi huponzwa na kuchelewa: rubani hung'ang'ana na usukani akitarajia ndege itatii, hadi kimo kinaisha.

Kisha huja ushahidi tunaouamini kupita kiasi: "hakuna mwavuli ulioonekana." Juu sana hewa ni nyepesi na baridi ni kali, kwa hiyo kiti huuzuia mwavuli mkubwa hadi kishuke kati ya mita 5,000 na 3,000, kutegemea aina yake. Rubani hupumua oksijeni ya chupa iliyo kwenye kiti. Anayetazama moto angani hawezi kuuona mwavuli ambao haujafunguka. Ukifunguka kwenye mita 4,500 na kushuka mita saba kwa sekunde, safari ni zaidi ya dakika kumi, na upepo wa mita kumi kwa sekunde humsogeza zaidi ya kilomita sita. Anayemtafuta kando ya mabaki anatafuta pasipo mtu. Ndege nayo haina adabu: Julai 4, 1989, MiG-23 ya Kisovieti iliyoachwa na rubani wake juu ya Poland iliendelea kuruka kama kilomita 900 hadi ikaanguka Ubelgiji.

Juni 2, 1995, kombora liliikata vipande ndege ya kivita F-16 ya rubani Mmarekani, Scott O'Grady, juu ya Bosnia. Rubani mwenzake aliiona ndege ikivunjika, mwavuli hakuuona. O'Grady alijificha siku sita, akila majani na sisimizi, hadi sauti yake iliposikika redioni na helikopta za Marekani zikamchukua Juni 8.

Kesi ya Scott Speicher, rubani mwingine wa Marekani, ni funzo la upande wa pili. F/A-18 yake ilipotea Iraq Januari 17, 1991, usiku wa kwanza wa mashambulizi ya anga ya Vita vya Ghuba. Akatangazwa amekufa. Mwaka 1995 wachunguzi walifika kwenye mabaki na kukuta kifuniko cha kioo mbali na ndege, dalili kwamba alichupa. Mwaka 2001 akarudishwa kwenye orodha ya waliopotea, na mwaka uliofuata akaandikwa kuwa huenda ametekwa. Mabaki yake yalipatikana jangwani Anbar mwaka 2009, akatambuliwa kwa taya na meno. Alikuwa amekufa kweli, lakini familia yake iliyumbishwa miaka 18 na neno lililoandikwa mapema.

Kwa hiyo mwandishi akifika eneo la tukio aulize: kifuniko kiko wapi, na kiti je? Kiti kilichokutwa mbali, mikanda ikiwa imefunguka, kina habari kuliko mkia uliosimama kwenye matope. Baruti ya kiti iliyolipuka ndani ya moto si ushahidi wa kuchupa.

Kuna na sheria. Itifaki ya Kwanza ya 1977, nyongeza ya Mikataba ya Geneva kuhusu vita, kifungu cha 42, inakataza kumshambulia anayeshuka kwa mwavuli kutoka ndege iliyo hatarini, na akitua kwenye ardhi ya adui apewe nafasi ya kujisalimisha. Askari wa miavuli wanaoshuka kupigana hawahusiki. Novemba 24, 2015, rubani wa Su-24 ya Urusi aliyechupa mpakani mwa Syria na Uturuki aliuawa kwa risasi za kutoka ardhini akiwa bado hewani. Kuandika kwamba "alikufa katika ajali ya ndege" ni kuificha hoja yenyewe.

Akitekwa, Mkataba wa Tatu wa Geneva wa 1949, kifungu cha 13, unataka alindwe dhidi ya matusi na udadisi wa umma. Picha ya uso wake uliovimba msiichapishe. Hadi mwili au mtu apatikane, mwandikeni hivi: hajulikani alipo.

Msomaji wenu