Shoga, lile daftari bado unalo?

Rehema shoga yangu,

Za huko? Sisi wazima, mama anakusalimia sana, mguu wake sasa hivi nafuu. Najua nimekaa kimya tangu Idi, nisamehe, ila leo nimeshindwa kuvumilia maana jana usiku nimeirudia ile episodi ya Desmond kwenye Lost, ile tamthilia ya watu waliokwama kisiwani, sizoni ya nne, "The Constant", na mpaka naandika hapa kichwa hakijatulia.

Niliangalia na Idrisa, unamjua alivyo. Desmond yuko kwenye helikopta ya kwenda melini, 2004, mara paap anakurupushwa kitandani jeshini 1996, Idrisa akaanza, sasa mwili umeenda au haujaenda? Nikamwambia mwili hauendi popote, fahamu ya yule Desmond wa 1996 ndiyo inaruka kwenda 2004 na kurudi, ndo maana kule melini anamwangalia Sayid, mwenzake waliyepanda naye helikopta, kama hajawahi kumwona. Akasema uongo, mbona Faraday, yule mwanafizikia, aliambiwa kila kitu na Desmond Oxford 1996 na kule kisiwani hakumbuki? Tukabishana mpaka mama akagonga ukuta.

Mimi sikatai, yale ya maabara ya Faraday nayapenda, yule panya Eloise anapita njia za boksi ambazo atafundishwa saa moja baadaye, mwili ulinisisimka upya kabisa. Lakini Rehema, kwangu mimi yote yako pale kwa Penny, yule mpenzi wa Desmond waliyeachana. Anaombwa namba ya simu, ameshamchoka huyu mtu, anaitaja ili aondoke zake, na Desmond haandiki! Penny anashangaa, kumbe karatasi ya 1996 itabaki 1996, kitakachovuka ni alichoshika kichwani tu. Halafu anamuomba asibadilishe namba, atampigia miaka 8 mbele, mkesha wa Krismasi 2004. Na dada wa watu akaiacha ileile, kwa ajili ya mtu aliyeonekana amerukwa na akili. Minkowski, yule wa melini aliyekuwa anaruka kama Desmond, hakuwa na mtu wa kumshikilia fahamu pande zote mbili, huku na kule alikoruka, kama Desmond alivyokuwa na Penny, akafia palepale. Idrisa anasema hayo ni mapenzi tu, siyo fumbo. Iliniuma.

Unakumbuka ile siku hosteli umeme ulikatika Sayid anaunganisha nyaya za simu? Tukahamia kwenye laptopu ya Zuhura, chaji imebaki kidogo, tumebanana watatu kitanda kimoja, mwanga umepunguzwa mpaka mwisho, na Sayid naye anasema betri ya simu inaisha. Simu ikaita, Penny akapokea, na wewe ukanishika mkono ukaniminya hadi kucha zikaacha alama. Hakuna aliyesema kitu mpaka skrini ikazima.

Sasa ile kauntabuku yako nyekundu, uliyochora mistari miwili, juu 1996 chini 2004, na mishale kila alivyoruka, bado unayo? Nipigie picha ule ukurasa nimwonyeshe Idrisa. Na ile swali tuliloacha, Faraday alivyoandika kwenye daftari lake kwamba mambo yakiharibika Desmond ndiye wa kumshikilia, aliandika lini? Wewe ulisema nini vile? Zuhura mnawasiliana? Na wewe mwenyewe mbona simu inaita tu haipokelewi, umebadilisha laini? Mimi yangu ni ileile ya hosteli, sijaibadilisha. Utanipigia lini?

Wako,
Mwanaidi