Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wanachama, Moshi

Ndugu wanachama,

Tumsifu Yesu Kristo. Bwana asifiwe. Assalaam aleikum.

Namshukuru Mungu kwa kutukutanisha, na nawashukuru nyinyi 17 mliofika. Mwaliko ulisema saa nne, tumefungua saa sita kasorobo, na akidi ya theluthi imetimia baada ya katibu kupiga simu nyumba kwa nyumba. Wanachama ni 46. Inaumiza.

Shughuli za kawaida mnazijua. Tumezika mara tano, tumeona wagonjwa, tumecheza harusi mbili, vikao vimefanyika tisa kati ya kumi na viwili. Mwaka tuliuanza na shilingi 4,615,000, ada zikaingia 3,480,000, misiba ikachukua 1,500,000, wagonjwa na harusi 260,000, safari ya Tanga 1,800,000. Benki zimebaki 4,535,000.

Sasa nije kwenye hiyo safari, maana maneno yamekuwa mengi. Nimeambiwa uso kwa uso, sokoni Mbuyuni, kwamba mwenyekiti amekula hela za kununulia viti na maturubai ya chama kwa kwenda kuogelea Tanga.

Katiba yetu inairuhusu kamati kutumia hadi 2,000,000 bila kusubiri mkutano mkuu. Kamati ilikaa, wajumbe saba kati ya tisa, na muhtasari upo kwa katibu. Safari nzima iligharimu 3,240,000. Chama kilitoa zile 1,800,000, wasafiri 22 walichanga 60,000 kila mmoja, na zile 120,000 zilizopungua, pamoja na tairi lililopasuka Hedaru, nilizitoa mfukoni mwangu. Sijazidai na sitazidai. Viti sita vya kosta vilikwenda vitupu ilhali gari tulishalilipia lote, na baadhi ya waliojiandikisha wakakosa kutokea alfajiri ile ndio wanaolalamika leo.

Wazo lilikuwa langu, nalikiri. Kwa miaka mingi nimeona tunavyokaa kikaoni: mtu anaingia, anasaini, anatoa ada, anaangalia saa. Tunazikana lakini hatufahamiani. Kutoka Moshi hadi Tanga ni zaidi ya kilometa 300, na ndani ya kosta hakuna wa kuaga mapema.

Tulipopita Mombo kuelekea Korogwe, mzee wetu mmoja aliomba dereva apunguze mwendo. Alikuwa anatazama mkonge. Akatusimulia kwamba baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge huko, akiwa manamba, yaani kibarua wa mkataba, na kwamba yeye alizaliwa kambini. Alituonyesha kwa kidole ukubwa wa kipande, ile kadi ya kuwekewa alama kila siku ya kazi hadi zitimie 30 ndipo mtu alipwe. Ujana wake ndipo akapanda treni kuja Moshi, kwa reli hii hii iliyofika hapa mwaka 1911, ambayo siku ile tuliiona ikienda sambamba nasi kuanzia Same. Mzee huyo tuko naye chamani miaka 11. Nani kati yetu alilijua hilo?

La pili nalisema kwa heshima, na wahusika wameniruhusu. Mama wawili hapa hawakusalimiana miaka mitatu kwa ajili ya mchango wa msiba. Muheza tulisimama kununua machungwa. Mmoja alikuwa na kisu. Akamenya moja taratibu, ganda likashuka refu bila kukatika, akalikata kichwa, akampa mwenzake aliyekaa kiti cha pili. Hakusema neno. Yule akapokea, akanyonya, akasema, "Asante, dada." Kesho yake kwenye mapango ya Amboni, mwongozaji alipozima tochi ili tuone giza la mle ndani, niliwakuta wameshikana ncha ya kanga. Na Oktoba mmoja alipofiwa, mwenzake alilala pale msibani siku nne. Kabla ya hapo angetuma bahasha.

Watu wa Kilimanjaro kila Desemba tunapanda mabasi kwa nauli kubwa kurudi kihambani, kwenye shamba la ukoo, na hakuna anayeiita anasa, kwa sababu tunajua tunachokwenda kukifuata. Mimi nilikitafuta hicho hicho kwa chama.

Kuhusu fedha, mfuko umepungua 80,000 tu kwa mwaka mzima. Lakini wanachama 19 wanadaiwa ada jumla ya 2,040,000, kiasi kinachozidi zile tulizochota kwa safari. Wangelipa, maturubai yangekuwa yamefika zamani. Sitasoma majina leo. Daftari liko kwa mweka hazina.

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akitujalia, kutazama upya suala la viti na maturubai, na hali ikiruhusu kupanda Lushoto, siku mbili. Mzee wetu ameomba tukifika Mombo tusogee kwanza upande wa Korogwe ili atutembeze ilipokuwa kambi yao. Nimemwahidi.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti