Barua kwa Mwanaidi kuhusu ua la Suriname

Tanga

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi, na mama msalimie sana. Sisi huku hatujambo.

Umeniuliza kwa nini nimeacha kuchora bahari nikang'ang'ania maua na rangi za maji. Aliyenigeuza ni Maria Sibylla Merian, mchoraji wa mimea na wadudu, aliyezaliwa Frankfurt, Ujerumani, mwaka 1647. Kule Nuremberg, alikoishi baada ya kuolewa, chama cha wachoraji kiliwakataza wanawake rangi za mafuta. Zikabaki za maji. Akazishika hizohizo, akachora juu ya ngozi ya ndama, ambayo hainywi rangi kama karatasi. Inakaa juu, imekolea, hata mishipa ya jani unaihesabu.

Mwaka 1699, akiwa na miaka 52, alipanda meli na binti yake Dorothea wakaenda Suriname, Amerika ya Kusini, koloni la Waholanzi lililoishi kwa miwa na jasho la watumwa. Maradhi yakamrudisha Amsterdam mwaka 1701. Miaka minne baadaye akatoa kitabu chenye picha 60, kiwavi na nondo wakiwa juu ya mmea mmoja.

Picha iliyonikaa moyoni ni ya ule mti mfupi wenye maua mekundu yenye ukingo wa manjano, nyuzi zake ndefu zimechomoza nje, tunaoupanda uani huku pwani. Ndio huohuo, Mwanaidi! Katika maelezo yake Merian anasema wanawake watumwa walitumia mbegu zake kuharibu mimba ili watoto wao wasizaliwe utumwani, na kwamba wao wenyewe ndio waliomweleza. Majina yao hakuyaandika, na hilo linaniuma sana. Hata waliomfyekea njia msituni walikuwa watumwa. Wataalamu wa Ulaya wakamsifu yeye, na sifa alistahili, lakini sehemu kubwa ya elimu ile ilikuwa ya wale wanawake.

Basi mimi siwezi tena kulichora ua lile kama pambo la ukutani. Nalichora kwa hatua zake zote, tumba, ua, ganda, mbegu, na chini ya picha nataka niandike habari ya wale wanawake.

Maganda ya huku yamepasuka yote. Ya kwenu pale langoni yakianza kukauka, nichumie mawili matatu, uyafunge kwenye karatasi, si mfuko wa plastiki yasije yakaota ukungu, umpe yeyote anayekuja Tanga.

Ni mimi shoga yako,
Rukia