Baba Zuhura, boti ya Mwinyi imeoza ndani

Mtwapa, Juni

Baba Zuhura, ndugu yangu,

Assalaam alaykum. Huku hatujambo, masika yamekatika na kusi limeshika. Mama nilimpitia Ijumaa, goti limepungua maumivu, anakula vizuri na anauliza unarudi lini. Kina Athmani bado wanavutana kwa lile shamba, hayo tutayasema uso kwa uso. Najua tumekaa kimya tangu Ramadhani, ila leo sina budi kukuandikia kwa sababu ya boti ya Mwinyi.

Ni ile ya futi 23 aliyouziwa na yule mzee wa Kikambala, ya Marekani, ya mwaka 1984. Tuliipandisha nchi kavu tuisugue tumbo na kuipaka rangi, basi. Nikaona nyufa nyembamba kwenye rangi ya tezi, ule ukuta wa nyuma unaobeba mashine, kandokando ya mashine yenyewe. Nikaiinua mashine, nikauegemea mguu wake kwa uzito wangu wote. Tezi nzima ikapinda, na kwenye bolti ya chini yakatoka maji ya kahawia, mazito, yananuka majani yaliyooza. Wallahi nilishtuka. Juzi tu ilikuwa imebeba watoto wa madrasa.

Nikachukua nyundo nikagonga kuanzia juu. Juu inalia ko, ko, ngumu. Ukishuka usawa wa bolti sauti inakufa. Nikatia kekee ndogo kutoka ndani: juu ikatoa vumbi jeupe kavu, chini ikatoa tope jeusi linalonata kwenye ncha. Sakafu mbele ya tangi la mafuta nayo ilikuwa inabonyea, nikaikata kipande. Lile povu walilomimina chini ya sakafu nimelikamua kwa mkono, maji yakachuruzika kama sifongo. Na zile stringa mbili ndefu za kushika tumbo la boti zimebaki ganda la faiba, zile nyuzi za kioo zilizogandishwa, mbao ndani ni unga.

Wewe unajua inavyokuwa. Faiba haina neno, ngozi ya nje ni nzima kabisa. Kilichokufa ni plaiwudi iliyofunikwa ndani. Mtu alipiga skrubu za kile kifaa cha kutazamia samaki moja kwa moja kwenye mbao, hakuziba tundu, na tundu la kutolea maji halikuwa hata na tone la rezini, ile gundi ya faiba, pembeni. Kisha ikakaa miaka chini ya mwembe kule Kikambala ikinyeshewa, plagi imefungwa. Maji ya mvua ndiyo adui mkubwa hapo, kuvu wanayapenda kuliko maji ya chumvi.

Sasa Mwinyi anataka tubane bamba la alumini ndani na nje, tukaze bolti, tupake rangi, na Agosti boti irudi kazini wageni wa uvuvi wakianza kuja. Nimekataa. Mashine ya farasi 150 ni zaidi ya kilo 200 zinazoning'inia pale, na msukumo wake wote unapita kwenye tezi, unaingia kwenye stringa, ndipo boti inakwenda. Bamba likikazwa juu ya tope, tope linabonyea na bolti zinalegea tena. Mlango wa Mtwapa unaujua wakati wa kusi, wimbi likikujia nyuma. Mashine ikichomoka na tezi pale, boti inafunguka nyuma na maji yanaingia kwa wingi usioweza kuyafua. Sitapandisha mtu kwenye boti hiyo.

Ninavyotaka kufanya ni hivi. Kwanza kuitegemeza boti kwa magogo yenye matambara, chini ya kila stringa na chini ya tezi, maana ukiondoa mifupa yote tumbo linazama, na faiba mpya ikikauka hivyo boti inabaki imepinda milele. Kwa hiyo stringa moja moja, na kamba ya kipimo iwe imevutwa kutoka omo kule mbele hadi tezi kabla sijakata kitu. Tezi niifungue kwa ndani, ngozi ya nje nisiiguse, kisha niweke plaiwudi mbili za milimita 18 zilizogandishwa pamoja. Tundu za bolti nitazitoboa kubwa, nizijaze rezini ya epoksi, ikauke, ndipo nitoboe tundu zenyewe katikati yake. Mbao isionane na maji tena.

Kikwazo ni vifaa. Duka moja mjini lina plaiwudi iliyopigwa muhuri wa baharini. Niliomba kipande, nikakichemsha kwenye sufuria usiku kucha, asubuhi matabaka yameachana. Mzee Omari ananiambia niweke mvule kama kwenye majahazi. Namheshimu sana mzee, lakini mbao nzima ndani ya faiba ikitanuka na kunywea inapasua ganda, na mvule una mafuta, gundi haishiki sawasawa. Nimepata mtu Kilifi mwenye plaiwudi ya kweli ya BS 1088, kile kipimo cha Waingereza cha plaiwudi ya baharini, nimeiagiza.

Epoksi nimeipata Mombasa, ni ghali, ila rezini ya poliesta juu ya mbao huachia baada ya miaka na sitaki kufungua boti hii mara ya pili. Kitambaa cha faiba ndicho hakuna. Huku kumejaa mkeka wa kawaida, na ule gundi yake huyeyushwa na poliesta. Kwenye epoksi unabaki mgumu, haulali kwenye kona. Nahitaji kile cha nyuzi za mshazari, cha gramu 600 kwa mita ya mraba. Hapo Ajman mnajenga boti kila siku, najua mnacho. Rezini na hadena ya kuigandisha sikuombi, ndege haikubali.

Je, likizo yako bado ni Julai? Mzigo wako una nafasi ya kilo kama 10? Nyinyi huko mkimaliza stringa mnamimina povu tena au mnaacha wazi maji yapate njia ya kutokea? Na tezi, wewe ungeingia kwa ndani kama mimi, au kwa nje ili usiguse sitaha? Kwa joto hili epoksi inachemka kwenye ndoo. Nafikiri kuimimina kwenye sinia pana na kufanya kazi alfajiri tu, yatosha?

Na jambo moja zaidi. Utampigia Mwinyi? Mimi anaona namchelewesha. Wewe atakusikiliza, tangu ulipomtengenezea ile ya Shimoni. Mwambie tu Agosti haiwezekani.

Wasalimie wote hapo.

Ndugu yako,
Baba Rehema

Nimesahau: mita 15 zatosha, upana wowote. Bei niambie mapema nikutumie.